Vijana wa dini tofauti na amani: mfano wa Mbale, na mambo ya kujua kabla ya kuanzisha kikundi

Ukurasa huu ni wako kijana, mkimbizi au mwenyeji, unayetaka kuanzisha kikundi chenye Waislamu, Wakristo na watu wa imani nyingine. Unaanza na mfano kutoka mashariki mwa Uganda, kisha unaeleza sheria na mambo ya kila siku.

Yaliyotokea Mbale

Ukitoka Kimaka, Jinja, ukashika njia ya Iganga na Tirinyi, unafika Mbale, chini ya Mlima Elgon. Nje kidogo ya mji kuna kilima cha Nabugoye, makao ya Abayudaya, raia wa Uganda wanaofuata dini ya Kiyahudi. Imani yao ilianza mwaka 1919 kwa Semei Kakungulu, kiongozi wa vita aliyewatumikia Waingereza kisha akakosana nao. Majirani zao ni Wakristo na Waislamu, na tangu 1988 Mbale pia ina Chuo Kikuu cha Kiislamu.

Idi Amin alipotawala (1971–1979), dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku. Masinagogi yalifungwa, wengi wakahamia Ukristo au Uislamu, na jamii iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ikabaki na mia chache. Jinja nayo iliumia kwa namna yake: mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 kuondoka nchini, na mji ukapoteza Wahindu, Masingasinga na Waismailia wake wengi.

Walioinua tena jamii ya Nabugoye miaka ya 1980 walikuwa vijana. Walikusanyika kilimani, wakafanya kazi na kusali pamoja. Mmoja wao, JJ Keki, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, akayaona mashambulizi kwa macho yake. Aliporudi nyumbani alikwenda mlango kwa mlango kwa majirani Waislamu na Wakristo, kuwauliza kama wangeweza kufanya kitu pamoja. Mwaka 2004 wakaanzisha ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu kwa Kiluganda.

Hapa ndipo pa kujifunzia. Hawakuanza na semina. Walikuwa na shida moja: kila mkulima aliuza kahawa peke yake kwa walanguzi, kwa bei ya kutupa. Walipounganisha mavuno walipata mnunuzi wa moja kwa moja, kampuni ya Thanksgiving Coffee ya California. Viti vya uongozi navyo viligawanywa kati ya dini tatu, ili hesabu zisiwe siri ya kundi moja. Wakatunga nyimbo za kuhimiza majirani kujiunga, na mwaka 2013 Smithsonian Folkways wakatoa albamu ya nyimbo hizo. Kwa maoni yetu, viti vile vina uzito kuliko nyimbo, ingawa nyimbo ndizo zilizosafiri mbali.

Si kwamba mahubiri hayafai. Juni 2003, viongozi wa dini wa Acholi, akiwemo Askofu Mkuu John Baptist Odama, walilala nje mjini Gulu pamoja na watoto waliokuwa wakikimbia vijiji vyao kila jioni kwa kuwaogopa waasi wa LRA. Lakini wale walikuwa wazee wenye majina. Wewe huna kanzu wala joho. Kazi ya pamoja ndiyo itakayokupa sauti.

Sheria inasemaje

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kujiunga na vyama visivyo vya siasa na visivyo vya kutafuta faida. Siasa usiiguse, hata ya nchi ulikotoka. Ushirika wa biashara ni jambo jingine: una sheria yake, na unahitaji wanachama wasiopungua 30. Muulize afisa biashara wa wilaya kabla ya kukusanya michango.

Kwa kikundi kidogo cha kijamii, anza kwa mwenyekiti wa LC1 na, ukiwa kwenye makazi, kamati ya wakimbizi (RWC) na ofisi ya OPM. Kisha nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, ukiwa na katiba ya kikundi na majina ya wanachama.

Azimio 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Desemba 2015, linataka vijana washirikishwe katika maamuzi ya amani. Linamhesabu kijana kuwa wa miaka 18 hadi 29. Uganda huhesabu 18 hadi 30. Usimfukuze wa miaka 31 mwenye shamba la kuwaazima.

Mambo madogo yanayovunja vikundi

Siku ya mkutano: Ijumaa mchana, Jumamosi na Jumapili asubuhi zina wenyewe, na usisahau kwamba Wasabato nao hupumzika Jumamosi. Chagua siku ya katikati ya wiki. Chakula: nyama ichinjwe na Mwislamu mbele ya watu, au pikeni maharage mmalize ubishi. Sala ya kufungua mkutano: pokezaneni, au kila mmoja asali kimya.

Uvumi ukija kwamba msikiti au kanisa limetukanwa, usiusambaze WhatsApp. Tuma watu wawili wa dini mbili waende kuona, warudi kusema walichokiona. Kukiwa na vitisho au mtu kaumizwa, hiyo si kazi ya kikundi tena: piga polisi na uwaarifu LC1 na RWC.

Fedha zikiwekwa kwenye sanduku la kuweka na kukopa, lile lenye kufuli tatu, kila ufunguo ukae kwa mtu wa dini yake, na sanduku lilale nyumba ya mtu wa nne asiye na ufunguo.