Gesi Ndani ya Taa: Jicho la Mtu na Jicho la Senene

Kwa mtu wa Lunyo, wilayani Busia, ni rahisi kudhani kwamba historia ya mwanga nchini Uganda ni historia ya nyaya. Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954, na kuanzia 1958 umeme wake ulipitia Tororo kwenda kuuzwa Kenya. Hata hivyo, historia hiyo ina nusu ya pili, nayo imo ndani ya taa yenyewe: ni gesi gani imetiwa humo, na kwa manufaa ya jicho la nani?

Taa kali tunazozijadili hazina uzi unaowaka. Umeme hupita katika gesi. Mwaka 1901 Peter Cooper Hewitt wa Marekani alipata hataza ya taa ya zebaki, na katika miaka ya 1930 zikaja zile za shinikizo kubwa. Agoni kidogo huiwasha taa, kisha joto hugeuza zebaki kuwa mvuke. Taa hizo hutoa takriban lumeni 50 kwa wati. Kasoro yake ni kwamba nishati nyingi hutoka kama mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho letu haliioni.

Wahandisi wakatafuta mchanganyiko bora. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Gilbert Reiling wa kampuni ya General Electric alichanganya zebaki na iodidi za metali. Sodiamu ilitoa matumaini makubwa zaidi, ila ikipata moto hula kioo. Robert Coble alipotengeneza kauri ya alumina inayopitisha mwanga, kikwazo hicho kiliondoka, na taa za sodiamu za shinikizo kubwa zikaingia sokoni katikati ya muongo huo. Ndani yake hutiwa pia zenoni. Kwa kuwa haipitishi joto kwa urahisi, hupunguza nishati inayopotea. Lumeni zikavuka 100 kwa wati.

Lakini msimu wa senene ukifika, wategaji wa Masaka huwasha taa kali juu ya mabati yanayoelekea kwenye mapipa. Wao huipenda zebaki kwa sababu ile ile iliyowafanya wahandisi waiache: wadudu huuona urujuanimno na kuufuata. Sodiamu ya manjano haiwavuti vivyo hivyo.

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Uganda iliuridhia 2019, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuingiza nchini taa za mvuke wa zebaki za matumizi ya kawaida. Sababu ni halali: zebaki ni sumu, na taa hupasuka. Lakini taa gani imewekwa badala yake? Lumeni ni kipimo cha jicho la binadamu. Mtegaji hupima kwa magunia. Anayetaka kumwondolea zebaki hana budi kumpa taa iliyopimwa kwa vipimo vyote viwili, la sivyo ataendelea kuitafuta ile ya zamani.