Nguo za Kuazima: Tarehe ya Jukwaa na Sinema Mjini Shanghai

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Shanghai imeikaidi methali hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Waigizaji wake wamevaa nguo za wenzao, wamesema kwa vinywa vya wenzao na kulia misiba isiyo yao, na mara nyingine msiba wa kuazima umemng'ang'ania aliyeuazima, ukawa wake.

Habari za mwanzo ni fupi. Mwezi Agosti 1896, gazeti la Shenbao lilitangaza kwamba katika bustani ya Xu, mahali ambapo watu walikwenda kunywa chai na kutazama viinimacho na fataki, kutakuwa na "maigizo ya vivuli kutoka Magharibi". Wachina walikuwa na maigizo yao ya vivuli tangu kale, sanamu za ngozi zikichezeshwa nyuma ya kitambaa mbele ya taa, kwa hiyo jina halikumtisha mtu. Mei 1897 picha zinazotembea zilionyeshwa katika hoteli ya Astor House, mbele ya wageni wa Kizungu zaidi. Mwaka 1908 Mhispania Antonio Ramos akasimamisha banda la mabati lenye viti 250 mtaa wa Hongkew, nalo likawa jumba la kwanza mjini kujengwa kwa ajili ya sinema tu. Mabati hayo yalimtajirisha.

Jukwaa lina habari ndefu zaidi, na mlango wake unamhusu hata msomaji wa Kiafrika. Mwaka 1901 mwandishi Lin Shu alichapisha kwa Kichina riwaya ya Harriet Beecher Stowe kuhusu Mjomba Tom na mateso ya watumwa weusi wa Marekani. Lin Shu hakujua lugha yoyote ya kigeni. Mwenzake, Wei Yi, alikuwa akimsimulia kitabu kwa mdomo, naye akiandika kwa Kichina cha kale kilichonyooka. Alieleza wazi sababu ya kuchagua kitabu hicho: vibarua wa Kichina walikuwa wakinyanyaswa Marekani, na katika mgongo wa mtumwa mweusi aliona mgongo wa ndugu zake.

Mwezi Juni 1907 wanafunzi wa Kichina waliokuwa Tokyo waliugeuza usimulizi huo kuwa mchezo wa jukwaani. Haukuwa na nyimbo za opera wala nyuso zilizopakwa rangi. Watu walizungumza tu. Mmoja wao, Li Shutong, ambaye baadaye aliuacha ulimwengu akawa mtawa wa Kibudha, alicheza kama bibi wa Kizungu, mke wa bwana mwenye watumwa. Kabla mwaka haujaisha, Wang Zhongsheng aliyafikisha masaibu hayohayo Shanghai, katika jumba la Lyceum ambalo Waingereza walikuwa wamelijenga kwa ajili ya maigizo yao ya kujifurahisha. Pazia lilifungwa na kufunguliwa kila onyesho, mandhari yakabadilika, taa zikaelekezwa. Waliokuwepo walisimulia kwamba matari na upatu wa opera bado vilisikika humo, maana mazoea hayaondoki kwa siku moja. Hata hivyo tamthilia ya Kichina ya mazungumzo huhesabu umri wake tangu mwaka huo, yaani ilianza kutembea ikiwa imevaa minyororo ya mtu mweusi. Wang mwenyewe aliuawa mwaka 1911 kwa kushiriki mapinduzi dhidi ya dola ya Qing.

Tamthilia hizo mpya ndizo zilizoizaa filamu ya Shanghai. Mwaka 1913 Zheng Zhengqiu, mtu wa jukwaa kwa damu, na Zhang Shichuan, mtu wa hesabu ambaye kamera alikuwa hajawahi kuigusa, walipiga filamu fupi kuhusu vijana wawili wanaoozwa bila kuulizwa. Kamera ilisimikwa mahali pamoja, waigizaji wakaambiwa waanze, na hakuna aliyesema "basi" mpaka mkanda ulipokwisha. Bibi harusi alikuwa mwanamume, na mshenga pia. Mwanamke wa heshima kupanda jukwaani pamoja na wanaume lilikuwa jambo la aibu, kwa hiyo wanaume ndio waliobeba uke wote wa mji mabegani.

Mambo yakaanza kubadilika kupitia njia ya ajabu. Mwaka 1920 kijana mmoja aliyezama kwenye kamari, Yan Ruisheng, alimuua kahaba maarufu ili amwibie vito. Mwaka uliofuata kisa kilikuwa filamu ndefu, ya kwanza ya Kichina. Aliyemwigiza muuaji alifanana naye na aliwahi kuwa rafiki yake. Aliyemwigiza marehemu alikuwa mwanamke aliyeacha kazi ileile. Watu walijaa. Sijui tuiite sanaa au tuiite umbea uliopata projekta, lakini mwanamke alikuwa ameingia kwenye kioo na hakutoka tena.

Jukwaani, ushindi uliletwa na ujanja wa Hong Shen, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani. Mwaka 1923 aliweka michezo miwili usiku mmoja. Wa kwanza, wanawake waliigizwa na wanawake. Wa pili, kikundi kilekile kikarudi kwenye desturi, wanaume wakajifunga nguo za kike na kubana sauti. Watazamaji waliokuwa wakiitazama desturi hiyo miaka yote bila kutabasamu waliangua kicheko. Hong Shen hakuhitaji kuandika makala wala kugombana na wazee. Aliiacha desturi ijitazame kwenye kioo, nayo ikafa kwa haya.

Huyohuyo Hong Shen, Februari 1930, alikwenda kutazama filamu ya Harold Lloyd katika jumba la Grand, ambamo Wachina wa San Francisco walionyeshwa kama wezi na wauza kasumba wenye kujikunyata. Akasimama katikati ya watu, akahutubia, akawaomba watazamaji wadai pesa zao. Alishikwa na kupelekwa kituo cha polisi kwa saa kadhaa. Alipotoka akafungua kesi, magazeti yakawaka, filamu ikaondolewa na Lloyd akaomba radhi. Mtu wa jukwaa alijua vema kuliko wengi kwamba kumvaa mwingine ni heshima au ni tusi, kutegemea namna unavyomvaa.

Kufikia hapo filamu zilikuwa zimekuwa biashara kubwa. Kampuni ya Mingxing ilianzishwa 1922. Kichekesho chake cha mwaka huohuo, kuhusu seremala aliyegeuka muuza matunda akimtaka binti wa tabibu, ndiyo filamu kongwe ya Kichina iliyobaki kamili. Kuanzia 1928 ikatoa visa vya mapanga na watawa wanaoruka angani katika sehemu 18, watoto wakatoroka shule, na mwaka 1931 serikali ikavipiga marufuku. Kampuni ya Tianyi, ya ndugu wa ukoo wa Shaw, ilizaliwa 1925 na baadaye ikahamia Hong Kong. Vijana wa Dar es Salaam na Mombasa waliotoka kutazama filamu za Hong Kong miaka ya 1970 wakirushiana mateke hawakujua kwamba baadhi ya mateke hayo yalikuwa na nasaba ya Shanghai.

Sauti ilipokuja mwaka 1931 ilikuja kwenye sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha. Sindano ikiruka kidogo tu, mdomo wa mwanamke hutoa sauti ya mwanamume. Hu Die, aliyekuwa amekulia kaskazini na kusema Kimandarini safi, alipanda chati. Mwenzake, Ruan Lingyu, aliyetoka katika familia ya Kikantoni, alibaki malkia wa filamu za kimya, na hapa tarehe hii hulazimika kupunguza mwendo.

Mwaka 1934 mwigizaji Ai Xia alijiua. Mwongozaji Cai Chusheng akakichukua kisa chake na kukifanya filamu kuhusu mwanamke mwandishi anayeandamwa na wanaume na magazeti mpaka anameza vidonge. Ruan akampa Ai Xia sura yake. Filamu ilitoka Februari 1935, na waandishi wa habari wakakasirika kwa namna walivyochorwa. Wakati huohuo Ruan alikuwa na kesi yake: mume wa zamani alikuwa akidai, mwanamume aliyekuwa akiishi naye hakuwa wa kutegemewa, na magazeti yakawa na njaa. Tarehe 8 Machi 1935 akameza vidonge. Alikuwa na miaka 24. Maelfu walijipanga barabarani kumzika. Mwaka 1992 Maggie Cheung wa Hong Kong alipata tuzo Berlin kwa kumwigiza Ruan katika filamu, na ndani ya filamu hiyo kuna pahali anapomwigiza Ruan akimwigiza Ai Xia kitandani akifa. Nguo ileile imepita kwa wanawake watatu.

Mwaka huohuo wa 1935 filamu moja kuhusu vijana wanaokwenda kupigana na Wajapani ilikuwa na wimbo wa Tian Han na Nie Er. Nie Er alizama baharini huko Japani mwezi Julai, akiwa na miaka 23. Wimbo wake sasa ndio wimbo wa taifa la China.

Vita vilipofika 1937, studio za Mingxing ziliharibiwa na mitaa ya wageni ikabaki kama kisiwa ndani ya jiji lililotekwa. Ajabu ni kwamba sinema hazikufungwa. Jumba la Grand, lililojengwa upya mwaka 1933 kwa mchoro wa Mhungari László Hudec na kuwa na viti karibu 2,000, mwaka 1939 liliwawekea watazamaji visikizi vya masikioni. Mkalimani wa kike alikaa chumbani, akitazama filamu ya Kiingereza na kuisema kwa Kichina papo hapo: yeye ndiye mpenzi, yeye ndiye jambazi, yeye ndiye bibi anayekata roho. Aliyewahi kukaa kibanda umiza akimsikiliza mtafsiri anaicheza filamu nzima peke yake ataelewa raha ya jambo hilo. Baada ya vita, mwaka 1947, filamu ya kilio kuhusu familia iliyotawanywa na vita iliuza tiketi zaidi ya 700,000 Shanghai pekee.

Wakati sinema ikitamba, opera ya Yue ilikuwa ikikua upande wa pili wa jiji. Ilitoka vijijini Zhejiang na ilichezwa na wanaume. Wasichana wakaanza kufundishwa mwaka 1923, na kufikia miaka ya vita wanawake walikuwa wameinyakua karibu yote, wakiigiza mabwana harusi, mawaziri na wasomi. Hadhira yao ilikuwa akina mama wa nyumbani na wafanyakazi wa viwanda vya pamba. Yuan Xuefen aliirekebisha kuanzia 1942, na 1947 yeye na nyota wenzake tisa wakacheza pamoja kukusanya fedha za kujenga jumba lao wenyewe, kwa kuchoshwa na mabwana wa majumba.

Filamu ya kwanza ya rangi ya China mpya ya Kikomunisti, iliyopigwa Shanghai mwaka 1953, ilikuwa opera ya Yue: kisa cha Liang Shanbo na Zhu Yingtai. Binti anajifanya mvulana ili asome, anampenda mwanafunzi mwenzake, na wote wawili wanageuka vipepeo. Waigizaji wakuu ni wanawake. Kwa hiyo mwanamke aliyevaa kiume anapendwa na mwanamke aliyevaa kike aliyevaa kiume, na hakuna mtazamaji aliyepotea njia. Waziri Mkuu Zhou Enlai aliibeba mpaka mkutano wa Geneva mwaka 1954 akiwaambia wageni ni Romeo na Juliet wa Kichina. Miaka arobaini na moja tu ilikuwa imepita tangu bibi harusi wa filamu alipokuwa mwanamume.

Kisha ikaja miaka ambayo nguo ya kuazima iligeuka ushahidi wa jinai. Mwaka 1935 msichana aliyejiita Lan Ping alimwigiza Nora katika tamthilia ya Ibsen mjini Shanghai, na Zhao Dan akawa mumewe jukwaani. Baadaye Lan Ping akawa Jiang Qing, mke wa Mao, na Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza 1966, waliomjua alipokuwa mwigizaji wa kawaida walijikuta hatarini. Zhao Dan alifungwa zaidi ya miaka mitano. Zheng Junli, mmoja wa waongozaji wawili wa ile filamu ya 1947, alifia kizuizini 1969. Mwenzake, Cai Chusheng, alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla.

Katika miaka hiyo studio ya Shanghai ya kuingiza sauti, iliyoanzishwa 1957, iliendelea kufanya kazi kimyakimya, ikitafsiri filamu za nje kwa ajili ya macho ya wakubwa. Humo alikuwamo Qiu Yuefeng, ambaye mama yake alikuwa Mrusi na ambaye kwa miaka mingi alibandikwa jina la adui wa mapinduzi. Filamu ya Jane Eyre ilipofunguliwa kwa umma mwaka 1979, China nzima ilimpenda Rochester kwa koo la Qiu. Alijiua Machi 1980, sauti yake ikiwa bado inazunguka majumbani.

Yaliyofuata yanajulikana: tamasha la kimataifa la filamu lilianza 1993, jumba kubwa la opera likafunguliwa 1998, na mwaka 2016 ukaja mchezo wa Sleep No More, ambamo watazamaji ndio wanaovalishwa vinyago na kutembea kimya kati ya waigizaji.

Mwisho wa 2023 Wong Kar-wai, mzaliwa wa Shanghai aliyelelewa Hong Kong, alitoa tamthilia ya televisheni kuhusu wafanyabiashara wa jiji hilo miaka ya 1990, kutokana na riwaya ya Jin Yucheng. Ilitengenezwa kwa sauti mbili, na moja ilikuwa ya Kishanghai, lugha ambayo watoto wengi wa jiji wanaisikia kwa bibi zao tu. Wazee waliwasha televisheni wakaelewa kila neno. Beijing, Guangzhou na kwingineko, waliochagua sauti hiyo walikaa wakisoma maandishi chini ya kioo.