Njia ya Vigari: Kutoka Göppingen hadi Hamburg

Watu wakisimama mbele ya mandhari ya reli ndogo, macho yao hukimbilia treni. Ni haki yake, maana ndiyo inayopita ikinguruma. Lakini ukitaka kujua mandhari hayo ni ya mwaka gani, usiiulize injini. Injini ya mvuke iliweza kuvuta mabehewa miaka 40 na zaidi bila kubadilika sura. Tazama gari lililosimama kwenye kivuko, likisubiri kizuizi kiinuliwe. Boneti yake, taa zake na umbo la dirisha la nyuma ndivyo vinavyotaja mwaka. Mjenzi akiisimamisha stesheni ya 1955 kwa mikono yake, kisha mlangoni akaegesha Volkswagen Golf, gari lililoanza kutengenezwa 1974, kazi ya miezi imeharibika.

Kwa hiyo nimeamua kuifuata njia ya vigari hivi tangu vilipotoka. Historia za treni za kuchezea zimeandikwa nyingi, na humo kigari hutajwa pembeni tu, kama pambo. Mimi naona hakutendewa haki aliyekitengeneza, wala anayekinunua leo akakipaka rangi upya.

Njia inaanzia Göppingen, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1859 familia ya Märklin ilianza kutengeneza vyombo vidogo vya bati vya jikoni kwa ajili ya nyumba za wanasesere. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya Leipzig, kampuni hiyo ilionyesha treni ya kutia ufunguo pamoja na reli yenye umbo la nane. Jambo kubwa halikuwa treni yenyewe. Kubwa lilikuwa kwamba reli ziliuzwa kwa vipande vya kipimo maalumu, mtoto akaongeza kipande leo na kingine Krismasi ijayo. Hapo ndipo treni ya kuchezea ilipogeuka kuwa nchi ndogo inayokua, na nchi inataka stesheni, watu na barabara. Barabara nayo ikawa inasubiri magari.

Magari hayo yalikuja kwa kishindo Liverpool. Frank Hornby, mtu aliyebuni vyuma vya kuunganisha vya Meccano mwaka 1901, alianza kuuza treni mwaka 1920. Mwishoni mwa 1933 kiwanda chake cha Binns Road kilitoa seti ya vyombo sita vya kupamba reli zake: magari mawili ya spoti, lori, gari la kusambazia bidhaa, trekta na kifaru cha vita. Mwaka uliofuata vikapewa jina la Dinky Toys. Havikukaa kando ya reli kwa muda mrefu. Watoto walivitaka vyenyewe, hata wale ambao nyumbani hawakuwa na treni, na kigari kikajitenga na bwana wake. Alama ya asili imebaki mpaka leo: wakusanyaji wengi wa magari madogo hununua ya kipimo cha 1:43, na kipimo hicho kimetoka kwenye treni za Hornby, ambamo milimita 7 zilisimama badala ya futi moja. Anayepanga magari yake kabatini, bila reli hata kipande, anafuata hesabu ya reli bila kujua.

Vigari vya mwanzo vilimiminwa kwa risasi, kisha kiwanda kikahamia kwenye aloi ya zinki. Hapa wakusanyaji wana msiba wao. Zinki iliyochanganyika na risasi kidogo tu huliwa kutoka ndani. Kwanza rangi hupasuka nyufa nyembamba, halafu bodi huvimba na kupinda, mwisho gari humeguka mkononi vipande vya kijivu. Hakuna dawa. Vigari vingi vya kabla ya Vita vya Pili vimekwisha namna hiyo ndani ya maboksi yake, bila kuguswa na mtoto. Ndiyo maana mkusanyaji mzoefu haangalii rangi kwanza. Hukigeuza kigari, akachunguza tumbo na kupitisha ukucha kwenye maungio.

London ilichangia kwa njia nyingine. Mwaka 1953 kampuni ya Lesney iliuza zaidi ya nakala milioni moja za kigari kidogo cha farasi cha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Jack Odell wa Lesney alikuwa na binti ambaye shuleni kwao kiliruhusiwa tu kile kinachoingia ndani ya boksi la kiberiti. Baba akamtengenezea rola ndogo ya kushindilia barabara, na Matchbox ikazaliwa. Vigari hivyo vilipendwa dunia nzima, ila kwa mwenye reli vilikuwa na kasoro moja: vilipimwa kwa boksi. Basi na gari dogo la abiria vilitoka karibu ukubwa mmoja.

Na ukubwa ndio roho ya kazi hii. Mwaka 1935 Märklin na Trix ya Nürnberg zilileta treni ndogo za umeme zenye reli ya upana wa karibu milimita 16.5. Gawa milimita 1,435 za reli ya kweli ya Ulaya kwa 87, utaipata namba hiyo. Waingereza walichukua reli ileile, lakini injini zao halisi zilikuwa nyembamba kuliko za bara, mota za wakati ule hazikuenea ndani, wakaikuza bodi hadi 1:76 na kuiacha reli ilivyo. Matokeo yake yako barabarani. Volkswagen Beetle yenye urefu wa mita 4.07 inakuwa milimita 47 kwa Mjerumani na karibu 54 kwa Mwingereza. Ziweke pamoja kwenye kituo kimoja cha mafuta, jicho litakataa mara moja. Fundi mjanja huweka ile ndogo zaidi nyuma, mlimani, na bonde likaonekana refu.

Kwa kipimo cha Wajerumani aliyefanya kazi kubwa ni Friedrich Peltzer. Kampuni yake ya Wiking ilijulikana kwanza kwa meli ndogo za 1:1250, ambazo jeshi la wanamaji lilizitumia kufundishia. Baada ya vita, jijini Berlin, iligeukia magari ya plastiki. Ya mwanzo hayakuwa na vioo. Dirisha lilikuwa umbo tu. Kipimo kilikuwa 1:90, kikasogezwa baadaye hadi 1:87. Lakini ukiyapanga kwa mwaka unaiona Ujerumani ikijengwa upya: malori ya kubeba kifusi, matrekta, mabasi ya posta, kisha magari ya familia.

Siku hizi kununua ni mwanzo tu. Chukua lori la Mercedes lenye pua fupi, lile ambalo barabara zetu za Afrika Mashariki zililijua vizuri. Bodi inachomolewa kwenye chesisi kwa ukucha, vioo vyote vinatoka kama kipande kimoja. Dereva wa plastiki hakai mpaka umkate miguu. Mng'ao wa plastiki unauliwa kwa vanishi isiyong'aa, kisha rangi nyeusi iliyozimuliwa sana inapitishwa ili iingie kwenye maungio ya milango. Vumbi ni chaki iliyosagwa, inayopakwa kwa brashi kavu kuanzia chini kwenda juu, maana vumbi la kweli hupanda hivyo. Tairi linapigwa tupa kidogo pale linapokanyaga, na lori linaonekana limebeba mzigo. Anayelitaka liwe la Tanga au Nakuru ana kazi zaidi: usukani uko kushoto, lazima ukatwe na kuhamishiwa kulia.

Lakini magari hayo yote yalibaki hayatembei. Faller ya Gütenbach, kwenye Msitu Mweusi, ilileta mwishoni mwa miaka ya 1980 gari la betri lenye sumaku chini ya ekseli ya mbele, linalofuata waya uliofukiwa ndani ya barabara. Wazo hilo lilikuzwa sana Hamburg, ambako ndugu pacha Frederik na Gerrit Braun walifungua Miniatur Wunderland mwaka 2001. Huko kompyuta huongoza malori, hutuma magari ya zimamoto, na gari lililoishiwa chaji hujipeleka lenyewe kuchajiwa. Watu wanaoingia kwa ajili ya treni huishia kusimama barabarani.

Jengo lenyewe lipo Speicherstadt, mtaa wa maghala uliofunguliwa 1888 na uliohifadhi kahawa na viungo kutoka pande nyingi za dunia. Wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa Unguja tangu katikati ya karne hiyo. Baadaye reli zikafuata: zile walizojenga Wajerumani kutoka Tanga na Dar es Salaam zilikuwa za mita moja, ambazo kwa 1:87 hujengwa kwa reli ya milimita 12. Reli mpya za SGR, za Kenya tangu 2017 na za Tanzania tangu 2024, ni za milimita 1,435, kwa hiyo reli ya kawaida ya dukani inazitosha.

Treni zetu kwa hiyo zina vipimo. Magari yaliyosimama nje ya stesheni zetu ndiyo yanayopotea, yakikatwa chuma chakavu kila mwaka. Kama uani kwenu kuna lori, basi au gari la mizigo la zamani, usilitoe kabla hujachukua futi. Pima urefu, upana, kimo na umbali kati ya ekseli, piga picha pande zote nne na juu, andika rangi na maneno yaliyoandikwa ubavuni, kisha muulize aliyeliendesha lilipita njia gani na mwaka gani.