Mchungaji wa Zizini

Mchungaji ni anayechunga: huenda na mifugo malishoni, akailinda na kuirudisha. Mhubiri wa vijijini Gitega au Muyinga hakuhitaji kulifafanua neno hilo. Waumini walipishana na mchungaji njiani. Kisha ikaja sheria ya mwaka 2018 iliyotaka mifugo yote Burundi ifugwe zizini. Siku hizi anayetembea ni mtu, na mzigo wa majani kichwani, ng'ombe anangoja. Mtoto ana haki ya kuuliza kondoo wa kwenye mfano wa Injili alipoteaje (si amefungiwa?).

Mimi naona mbeba majani huyo bado ni mchungaji. Katika Yohana 21, Biblia ya Kiswahili ya Union inampa Petro maagizo matatu: mawili ya kulisha, moja tu la kuchunga.