Arobaini ya mzazi
Arobaini ni siku 40 za mapumziko baada ya kujifungua. Huko Kisarawe na Kibaha, mkoani Pwani, mzazi hutunzwa na mama yake au bibi: hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wenye pilipili manga, hachoti maji wala hatafuti kuni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiko mbali na desturi hiyo, kwani inazuia kurudi kazini kabla ya wiki 6, isipokuwa daktari akiruhusu. Likizo yenye malipo ni siku 84, au 100 kwa mapacha. Akirudi, anayenyonyesha hupewa hadi saa 2 za kunyonyesha kwa siku. Lakini mkulima wa mihogo hana mwajiri wa kumpa likizo hiyo. Mapumziko yake hutegemea jamaa watakaomshikia jembe.