Mkono Mzito na Mkono Mwepesi

Tuseme, msomaji, kwamba mwalimu wako ataka kuanzisha chama cha akiba darasani. Aweza kusema, "Anayetaka kujiunga na aje aandike jina lake." Aweza pia kusema, "Majina yenu yote nimekwisha kuyaandika. Asiyetaka na aje alifute lake." Katika njia zote mbili hulazimishwi, na kazi ni ile ile ya dakika moja. Hata hivyo njia ya pili italeta wanachama wengi zaidi, kwani binadamu hupenda kukaa pale alipowekwa. Jambo hili, dogo kama lionekanavyo, limeingia katika kazi ya serikali, na habari zake zafaa kujulikana na kila raia.

Kwanza tuutazame mkono mzito, ili tupate kuujua ule mwepesi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliona kwamba udongo wa Machakos unachukuliwa na mvua, ikasema kuwa sababu ni wingi wa ng'ombe. Haikungoja Wakamba wakubali. Ng'ombe walitwaliwa kwa nguvu wakauzwa, na kiwanda cha nyama cha Athi River kilikuwa kikiwahitaji. Mwezi wa Julai watu wengi, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi kumtaka gavana awasikilize, wakakaa huko majuma kadha. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha, serikali iliacha kuwalazimisha watu kuuza mifugo yao.

Mmomonyoko wa udongo ulikuwa wa kweli, lakini amri haikuupata moyo wa mwenye shamba. Je, mtawala hana njia ila kuamuru au kunyamaza? Wataalamu wawili wa Marekani, Richard Thaler wa elimu ya uchumi na Cass Sunstein wa sheria, walijibu kwamba iko njia ya tatu. Mwaka 2008 walitoa kitabu kiitwacho Nudge, neno lenye maana ya kumgusa mtu kwa kiwiko ili azindukane. Wachumi wengi waliotangulia walimchukua mwanadamu kuwa mtu apimaye kila jambo kwa makini. Hawa wawili walisema kwamba mtu wa kweli husahau, huahirisha, na hushindwa na tamaa ya leo. Basi serikali na iyapange mambo ili lililo jema liwe jepesi kutendwa, pasipo kumzuia mtu kuchagua jingine. Huo ndio ubaba wa upole: mzazi aonyeshaye njia, wala hashiki kiboko.

Uingereza iliipokea fikira hiyo, na mwaka 2010 serikali yake iliunda ofisi maalumu ya kuitumia. Mfano mkubwa huko ni akiba ya uzeeni. Zamani wafanyakazi wengi walipaswa kuomba wenyewe kuingizwa katika akiba hiyo, na wengi hawakuomba. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2008 na kuanza kutekelezwa mwaka 2012, mwajiri humwandikisha mfanyakazi, na asiyetaka hujitoa. Karibu 9 katika kila 10 walioandikishwa walibaki. Ni jambo lile lile la chama chetu cha darasani, lakini sasa lawahusu watu mamilioni.

Usidhani kwamba habari hizi ni za nchi za mbali tu. Mwanzoni mwa karne hii, wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwachunguza wakulima wa Busia. Wengi walisema kwamba msimu ujao wangetia mbolea, lakini ulipofika wachache tu walitia. Hawakuwa wajinga wala wavivu. Wakati wa mavuno walikuwa na fedha; mahindi yalipofika magotini na kuhitaji mbolea, fedha zilikuwa zimekwisha kwa mahitaji ya nyumbani. Basi baadhi yao walitembelewa mara baada ya kuvuna, wakauziwa mbolea kwa bei ya kawaida na kupelekewa bila malipo ya uchukuzi. Waliotia mbolea wakaongezeka sana, karibu sawa na kama wangalipunguziwa nusu ya bei baadaye. Machakos mkulima alinyang'anywa; Busia alifikiwa kwa wakati wake.

Je, tuseme basi kwamba mkono mwepesi ni mwema sikuzote? La, tusiharakishe. Watu wa Machakos waliuona mkono uliowashika, na kwa kuwa waliuona waliweza kwenda Nairobi kuupinga. Mkono mwepesi hauonekani. Nani ataandamana juu ya fomu ambayo hakuijaza? Mtawala mwenye nia mbaya aweza kuitumia tabia ile ile ya kukaa tulipowekwa, akatuweka mahali panapomfaa yeye. Kumbuka kwamba hata mwaka 1938 watu waliambiwa ni kwa faida yao, na huku kiwanda kikingoja nyama. Thaler na Sunstein wenyewe waliweka sharti: serikali isitumie mbinu ambayo haithubutu kuitetea hadharani.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapokuta jina lako limekwisha kuandikwa, usikasirike upesi wala usishukuru upesi. Uliza ni nani aliyeliandika, ni kwa faida ya nani, na kama mlango wa kutokea u wazi kweli. Na baadhi yenu mtakalia viti vya ofisi na kuandika majina ya wengine. Hapo jiulizeni kama mngeweza kusimama mbele ya watu hao na kuwaeleza yote mliyoyatenda, na kwa nini. Asiyeweza kufanya hivyo, mkono wake ni mzito, ijapokuwa hakumgusa mtu.