Pampu ya Mafuta Haikuingia Ndani ya Tangi Bure

Uliza mzee yeyote aliyeendesha Peugeot 504 ya kabureta pampu ya mafuta iko wapi. Atafungua boneti na kukuonyesha kwa kidole: hii hapa, ubavuni mwa injini. Sasa nenda kwa Corolla ya mwaka 2002 uitafute. Utafungua boneti, utachungulia chini ya gari, hutaiona. Iko nyuma kabisa, imezama kwenye petroli ndani ya tangi.

Wengi wetu tunaona hiyo ni njama ya makampuni ili tukose kujitengenezea magari. Mimi sikubaliani. Ukijua pampu ilifikaje huko, utajua pia kwa nini inakufa, na kama unaweza kuibadilisha nyumbani bila kuchoma ploti nzima.

Mwanzoni magari mengi hayakuwa na pampu hata kidogo. Ford Model T iliyotoka mwaka 1908 ilikuwa na tangi chini ya kiti cha mbele, na petroli iliteremka yenyewe hadi kwa kabureta kama maji ya tangi la juu ya nyumba. Shida ilikuja mlimani. Mafuta yakiwa kidogo na gari limeinua pua, injini inakuwa juu kuliko petroli, basi inazima. Dawa ya madereva ilikuwa kupanda mlima kinyumenyume. Si utani, ndivyo walivyofanya.

Kufikia miaka ya 1930, pampu ya mitambo ilikuwa imeenea. Hii ni ile ya mzee wa 504: injini ikizunguka inasukuma kijiti, kijiti kinavuta utando laini, utando unanyonya petroli kutoka nyuma. Kabureta haikutaka makuu, presha ya PSI 4 au 5 ilitosha. Pampu ikiharibika ulifungua bolti mbili ukaweka nyingine, na mikono ilinuka petroli siku nzima.

Lakini ilikuwa na adui mmoja: joto. Pampu ilikaa kando ya injini inayochemka, na ilifanya kazi kwa kunyonya. Petroli ikivutwa kwenye bomba lenye joto inachemka na kuwa mvuke, na pampu ya kusukuma maji maji haiwezi kusukuma mvuke. Ndio maana wazee walikuwa wakisimama juu ya mlima, wanafungua boneti na kuweka kitambaa kilicholowa juu ya pampu. Hawakuwa wanaombea gari. Walikuwa wanaipoza.

Kilichobadilisha mambo ni moshi. California ilikuwa imeanza kubana moshi wa magari, na mwaka 1967 Volkswagen 1600 ya soko la Marekani ikatoka na mfumo wa Bosch wa kupuliza mafuta kwa umeme, unaoitwa D-Jetronic. Mwaka 1970 Marekani ikapitisha sheria kali zaidi ya hewa safi. Kabureta ikaanza kusukumwa nje polepole, injekta zikaingia. Na injekta hazitaki PSI 5. Mfumo ule wa kwanza ulitaka karibu PSI 30, sawa na tairi lako, na mingi iliyofuata ilipita 40. Utando wa zamani hauwezi kazi hiyo. Ikabidi pampu iwe ya umeme.

Mwanzoni pampu ya umeme iliwekwa nje, chini ya gari. Baadaye wahandisi wakaizamisha kwenye tangi, na sababu zao zilikuwa nzuri. Pampu inasukuma vizuri kuliko inavyonyonya. Petroli iliyoizunguka inaipoza na kupunguza kelele. Na ile shida ya mvuke ikapungua sana.

Sasa rudi kwa maisha yetu. Taa ya mafuta inawaka, unaweka ya soo tano, ambayo kwa bei za siku hizi haifiki hata lita 3, unaendelea na jam ya Thika Road. Kesho hivyo hivyo. Ile petroli iliyokuwa ipoze pampu haipo. Tunaua pampu pole pole halafu tunalaumu spea za Kirinyaga Road.

Utauliza, umeme ndani ya petroli, mbona hailipuki? Kwa sababu petroli yenyewe haishiki moto bila hewa. Mvuke wake huwaka ukiwa kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Ndani ya tangi lililofungwa mvuke kwa kawaida ni mwingi kupita kiasi. Hatari inaanza unapolifungua, hewa ikaingia. Tangi tupu lililo wazi ni hatari kuliko lililojaa. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini hadi ukutane na jiko la jirani. Kenya haihitaji kufundishwa hili mara ya pili: Sachang'wan, Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa.

Kwa hivyo, nyumbani inawezekana? Ndiyo, kama gari lako lina kifuniko cha pampu chini ya kiti cha nyuma, kama saluni nyingi za Kijapani. Kwanza hakikisha ni pampu kweli: washa swichi bila kupiga stata, usikilize mngurumo mfupi nyuma. Kimya? Angalia fyuzi na rilei kabla ya kununua chochote. Kisha toa presha: kama gari bado linawaka, chomoa fyuzi ya pampu injini ikinguruma hadi izime. Toa waya hasi ya betri. Fanya kazi nje, mchana, mbali na jiko na sigara, kizima moto kikiwa karibu. Futa vumbi kabla ya kufungua, inua pampu taratibu ili boya la geji lisipinde, weka kichujio na mpira mpya. Ukimaliza, washa swichi mara kadhaa, uangalie kama inavuja kabla ya kupiga stata.

Kama lazima tangi lishushwe, lipa fundi. Tangi lenye petroli juu ya jeki na mawe sio mahali pa kujifunza.

Wazee waliiona pampu kila walipofungua boneti, ndio maana waliijua. Yetu imefichwa, basi ni lazima tuisome. Na anza na rahisi: usingoje taa iwake ndipo uweke mafuta.